Kuachia kingamwili kwa joto badala ya asidi: polima zinaweza nini, na haziwezi nini

Msomaji mmoja anayefanya kazi katika maabara ya kuzalisha kingamwili ameniandikia hivi: "Kingamwili yetu mpya inakamatwa vizuri na Protini A, lakini tukiitoa kwa bafa ya pH 3.2 sehemu yake kubwa inageuka mabonge. Nimesoma kuhusu polima zinazobadili tabia kwa joto, kwamba hukamata kingamwili katika halijoto moja na kuiachia katika nyingine, bila asidi yoyote. Je, zinaweza kuchukua nafasi ya Protini A? Na kama ni nzuri hivyo, mbona viwanda havijahamia huko?"

Nimefurahi kwamba swali lako limeanzia kwenye kingamwili inayoharibika, si kwenye mvuto wa teknolojia mpya. Nianze na jibu lenyewe: polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli, peke yake haiwezi kuchukua nafasi ya Protini A, ile protini inayoikamata kingamwili, kwa sababu haiitambui kingamwili. Inachokitambua ni maji na joto. Inaweza kufanya kazi nzuri sana ya kuachia, lakini kazi ya kuichagua kingamwili kutoka katikati ya maelfu ya protini nyingine lazima ifanywe na kitu kingine, kiwe kimefungwa juu ya polima au kimekaa kando yake. Kwa hiyo kila unaposoma makala ya uwanja huu, jiulize mambo mawili: ni nini kinachochagua, na joto linafanya kazi gani hasa? Makala nyingi huonekana zinasema jambo moja kumbe zinasema mambo manne tofauti, na ni mawili tu kati ya hayo yanayogusa shida yako.

Tuangalie kwanza kwa nini asidi inakuumiza. Protini A hutoka kwenye ukuta wa bakteria Staphylococcus aureus. Ina vikoa vitano vinavyofanana, yaani sehemu ndogo zinazojikunja kila moja peke yake, na kila kimoja kinaweza kushika shina la kingamwili, ile sehemu iitwayo Fc, pale kikoa cha CH2 kinapokutana na CH3. Kwenye mgusano huo kuna histidini upande wa Protini A na upande wa kingamwili pia. Katika pH ya kawaida histidini hizo kwa sehemu kubwa hazina chaji, na protini mbili zinashikana. Ukishusha pH hadi 3 na kitu, zote mbili zinapata chaji chanya, zinasukumana, na mshiko unavunjika. Utaratibu ni mzuri, ila asidi haichagui mahali pa kugusa. Kikoa cha CH2 ndicho dhaifu zaidi mbele ya asidi. Hulegea kabla ya vingine na kuweka nje sehemu zisizopenda maji. Hayo yanatokea wakati kingamwili ipo katika mkusanyiko mkubwa kuliko wakati wowote mwingine wa usafishaji, maana imetoka kwenye kolamu, ule mrija uliojaa chembe zenye Protini A, ikiwa imebanwa katika ujazo mdogo. Molekuli zilizolegea zinagusana, zinanasana, na mara nyingi bonge linaonekana hasa pale unaporudisha pH juu.

Kwa hiyo unachotafuta ni njia ya kuvunja mshiko bila kuilegeza CH2. Hapo ndipo joto linapoingia, maana kingamwili huvumilia joto kiasi kuliko inavyovumilia asidi kali. Kingamwili nyingi za aina ya IgG1 hazianzi kufunguka hadi halijoto ifike karibu na nyuzi 70 za Selsiasi, na CH2 ndiyo hutangulia. Ukifanya kazi kati ya nyuzi 4 na 40, umebaki na nafasi kubwa ya usalama.

Polima mashuhuri kuliko zote hapa ni poli-N-isopropilakrilamaidi, PNIPAM kwa kifupi. Heskins na Guillet walieleza tabia yake ndani ya maji mwaka 1968. Chini ya takriban nyuzi 32 huyeyuka kabisa na mmumunyo huwa angavu. Juu ya hapo minyororo hujikunja, hujitenga na maji, na mmumunyo hugeuka mweupe ndani ya nyuzi moja au mbili tu. Ukipoza, yote hurudi kama mwanzo, ingawa kurudi huchelewa kidogo kwa sababu minyororo iliyojikunja huwa imekwisha kufungana yenyewe kwa yenyewe.

Wengi hushangaa kwamba kitu kinaacha kuyeyuka kinapopata joto, kwa vile tumezoea kinyume chake. Maelezo yapo kwenye maji. Kila kipande cha mnyororo kina kundi la amaidi linalopenda maji na kundi la isopropili lisilopenda. Amaidi hushikana na maji kwa bondi za haidrojeni. Kuzunguka isopropili maji hulazimika kujipanga, na kujipanga huko ni hasara ya entropia. Katika baridi, faida ya bondi za haidrojeni inazidi hasara hiyo. Halijoto inapopanda, uzito wa entropia katika hesabu ya nishati huru unapanda nayo, kwa kuwa entropia huzidishwa na halijoto. Inafika mahali ambapo maji yanapata nafuu kwa kuondoka, na mnyororo unabaki umejikunjia sehemu zake zisizopenda maji.

Kiwango hicho cha nyuzi 32 unaweza kukihamisha. Ukichanganya monoma (vipande vinavyounda mnyororo) zinazopenda maji, kama asidi ya akriliki, kinapanda. Ukichanganya zisizopenda maji, kama butili-methakrilati, kinashuka. Chumvi nazo hukishusha, na zinatofautiana kwa nguvu kwa kufuata mpangilio ambao Franz Hofmeister aliuonyesha akiwa Prague mwaka 1888: salfati huvuta sana, kloridi kidogo. Hata hiyo kloridi, katika moli 1 kwa lita ya chumvi ya kawaida, inaweza kukishusha kwa takriban nyuzi 10. Nakuomba ulikumbuke hili, kwa sababu nyuzi 32 utakazoziona kwenye makala ni za maji matupu. Kwenye bafa yako, na chumvi zako, polima itakuwa na kiwango chake tofauti, na usipokipima utakuwa unapasha joto mahali ambapo hakuna kinachobadilika.

Sasa nije kwenye hayo mambo manne.

La kwanza ni uso unaobadilika kutoka kupenda maji kwenda kutoyapenda. Unachukua chembe za silika au agarosi, au utando, unaotesha PNIPAM juu yake. Katika joto uso unakuwa haupendi maji na protini zinanasa. Katika baridi zinaachiwa. Kundi la Teruo Okano mjini Tokyo lilifanya kazi kubwa hapa tangu miaka ya 1990, likitenganisha molekuli kwa maji matupu bila viyeyusho vya kikaboni, na uso wa aina hiyohiyo ndio uliozaa mbinu ya kuvuna karatasi nzima za seli kwa kuzipoza. Kwa kingamwili, njia hii ina udhaifu ulio wazi: kutopenda maji si alama ya kingamwili peke yake. Protini nyingi za seli zilizoizalisha zitanasa pia. Inafaa kama hatua ya pili au ya tatu, hasa ya kuondoa mabonge, kwa sababu bonge huwa halipendi maji kuliko molekuli nzima. Si hatua ya kukamata.

Ndani ya kundi hilohilo naziweka polima zilizochanganywa na chaji. Kingamwili nyingi za tiba huwa na chaji chanya hadi pH ya 7 au 8, kwa hiyo polima yenye asidi ya akriliki inaweza kuzivuta kama rezini (chembe za kujaza kolamu) yoyote ya kubadilishana ioni. Polima ikijikunja au ikinyooka kwa joto, umbali kati ya chaji, uwezo wa asidi kuachia protoni, na kutopenda maji kwa mazingira yake vyote vinabadilika kwa pamoja, na mvuto kwa kingamwili unabadilika navyo. Hapa tahadhari: mabadiliko hayo yanaweza kuelekea upande wowote. Chaji zinaweza kufichwa ndani ya mnyororo uliojikunja, au zikasogea karibu na uso wa chembe na kushika zaidi, huku kutopenda maji kukiongeza mshiko wake katika joto. Usidhani kwamba joto huachia au baridi huachia hadi uone namba za rezini iliyo mbele yako. Uchaguzi hapa ni bora kuliko wa uso mtupu, lakini bado hauifikii Protini A.

La pili ni kuzamisha. Hapa hakuna kolamu. Allan Hoffman na mwenzake Monji, katika jimbo la Washington nchini Marekani, walionyesha mwaka 1987 kwamba ukifunga kingamwili kwenye mnyororo wa polima ya namna hii, unaweza kuiacha ifanye kazi ikiwa imeyeyuka, kisha ukapandisha joto na kila kilichoshikwa kikazama pamoja na polima. Baadaye walikuja watu wa elastini, ile protini ya mwili inayonyumbulika. Mfuatano wa amino asidi tano unaojirudia, valini, prolini, glisini, amino asidi yoyote isipokuwa prolini, kisha glisini, hufanya kitu kilekile kinachofanywa na PNIPAM, tena unaweza kuzalishwa na bakteria kama protini yoyote. Meyer na Chilkoti walionyesha mwaka 1999 jinsi ya kuutumia kusafisha protini kwa kupasha, kuzungusha kwenye sentrifuji, kupoza, na kurudia. Ukiunganisha mnyororo huo na kikoa cha Z, ambacho ni kikoa B cha Protini A kilichofanyiwa marekebisho, unapata kitu kinachotambua Fc na kuzama kwa joto.

Naipenda sana njia hii. Kemia yake ni safi, mshiko unafanyika ndani ya mmumunyo ambako hakuna kusubiri molekuli kubwa ipenye kwenye vitundu, na utambuzi ni wa kweli. Lakini kwako wewe ina tatizo ambalo makala nyingi hulipitia haraka: joto linatumika kutenganisha mashapo na kioevu, halitumiki kuachia kingamwili. Baada ya kuzamisha na kuosha, bado unatakiwa kuvunja mshiko kati ya kikoa cha Z na Fc, na mara nyingi hilo linafanywa kwa kushusha pH. Umezunguka mbali na kurudi kwenye asidi ileile. Unaweza kunufaika kidogo kwa sababu muda wa kukaa kwenye asidi ni mfupi au pH haihitaji kushuka sana, lakini usiende huko ukiamini umeikwepa.

La tatu ni lango. Polima inafungwa jirani kabisa na mahali pa kushikia, kiasi kwamba inaponyooka au kujikunja inafungua au kuziba njia. Hoffman, Stayton na wenzao walichapisha mwaka 1995 kazi iliyofungua macho ya wengi: waliibadilisha streptavidini, protini inayoshika vitamini iitwayo biotini, kwa uhandisi wa jeni ili polima ishike mahali pamoja tu karibu na tundu la biotini, na joto likaamua kama biotini itaingia au la. Kwenye kolamu, wazo hilo linachukua sura nyingine: ligandi (molekuli inayoishika protini unayoitaka) na minyororo ya PNIPAM vinaishi pamoja juu ya chembe. Katika joto minyororo imelala, ligandi iko wazi, protini inashika. Ukipoza, minyororo inavimba, inaifunika ligandi na kuisukuma protini nje. Jambo hilo limeonyeshwa kwa albumini na ligandi za rangi. Kinadharia hili ndilo jibu la swali lako: ligandi inachagua, polima inaachia, pH haiguswi.

Kwa nini basi halijaenea? Kwa sababu nguvu ya kusukuma ya polima inayovimba ni ndogo, na mshiko wa Protini A kwa Fc ni mkali sana. Lango hufanya kazi vizuri pale ligandi inaposhika kwa nguvu ya wastani. Ligandi yenye mshiko dhaifu nayo inakamata kidogo kutoka kwenye kioevu cha seli kilichojaa takataka. Kuna dirisha jembamba kati ya mshiko mkali mno na mshiko dhaifu mno, na kulipata kunahitaji kuoanisha urefu wa minyororo, msongamano wake na ligandi yenyewe. Mbinu za kudhibiti urefu wa minyororo, kama ile ya Wang na Matyjaszewski ya mwaka 1995, zimesaidia sana. Hata hivyo fikiria ukubwa wa vitu: kingamwili ina upana wa nanomita 10 hivi, na kitundu cha chembe chenye nanomita 100 kikioteshewa minyororo inayovimba hadi nanomita 20 kila upande kinabaki na nanomita 60. Ukitaka minyororo mirefu ili isukume kwa nguvu, unaziba njia. Ukiifupisha, haisukumi.

La nne silo polima ya kutengenezwa kabisa, na ndilo ningekuomba uanze nalo. Unaweza kuibadilisha Protini A yenyewe ili iwe dhaifu mbele ya joto. Watafiti nchini Japani walitengeneza Protini A ya namna hiyo: katika baridi ya jokofu imejikunja ipasavyo na inashika Fc, ukiipandisha karibu na halijoto ya mwili inalegea, umbo la kushikia linapotea, na kingamwili inaondoka ikiwa katika pH ya kawaida. Ukiipoza tena inajikunja upya na kolamu iko tayari. Angalia jinsi maswali yangu mawili yanavyojibiwa hapa: kinachochagua ni Protini A, na joto linavunja mshiko wenyewe. Kinacholegea ni ligandi, siyo dawa yako.

Sasa suala la viwanda. Watu hutaja gharama ya nishati, lakini hilo si tatizo kubwa. Kupasha kolamu ya lita 100 kutoka nyuzi 5 hadi 40 kunahitaji kama kilowati-saa 4, na hata ukijumlisha bafa zote bado ni kidogo. Tatizo ni kulifikisha joto mahali linapohitajika.

Katika maabara una kolamu ya kipenyo cha sentimita 1 ndani ya koti la maji. Joto hupenya kutoka ukutani hadi katikati kwa nusu dakika hivi, na unaona matokeo mazuri. Lakini muda huo huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Kolamu ya sentimita 60 ina kipenyo mara 60, hivyo muda ni mara 3,600. Nusu dakika imekuwa saa 30. Hakuna kiwanda kitakachosubiri hivyo, na kingamwili ya pembeni itakuwa imekwisha kuachiwa kabla ya ya katikati kuhisi chochote. Kwa hiyo koti la maji ni kifaa cha maabara tu. Katika ukubwa wa kiwanda lazima upashe kwa kupitisha bafa yenye joto ndani ya kolamu.

Hapo kunatokea jambo zuri la kifizikia ambalo sijaona likizungumzwa inavyostahili. Chembe za agarosi kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo joto linaloingia na bafa linapaswa kuzipasha nazo pia; mpaka wa joto husogea polepole, na unahitaji karibu ujazo mmoja mzima wa kolamu kabla ya upande wa kutokea kupata joto. Kingamwili iliyoachiwa haiingii kwenye kila kona ya chembe kwa sababu ni kubwa, hivyo inasafiri haraka kuliko joto lililoiachia. Inaupita mpaka, inakutana na chembe baridi, inashikwa tena, inasubiri joto liifikie, inaachiwa, inapita tena. Matokeo yake ni kwamba kingamwili inabanwa kwenye ukanda mwembamba unaotembea pamoja na mpaka wa joto na kutoka ikiwa na mkusanyiko mkubwa. Kwa anayetaka ujazo mdogo hiyo ni neema. Kwa kingamwili inayopenda kufanya mabonge, mkusanyiko ni hatari ya pili baada ya asidi. Ukiona vibonge kwenye kilele cha mtiririko, kabla ya kulaumu joto jaribu kupakia kingamwili kidogo zaidi na uone kama vinapungua.

Kuna na adhabu ya baridi. Maji ya nyuzi 5 yana mnato zaidi ya mara mbili ya maji ya nyuzi 40. Shinikizo kwenye kolamu hupanda kwa kiwango hichohicho, na kingamwili hupenya ndani ya chembe polepole zaidi, hivyo kiasi unachoweza kukamata kwa kasi ileile hupungua. Wanaopakia katika baridi lazima wapunguze mwendo. Wanaopakia katika joto wanakwepa hilo, na kioevu kinatoka kwenye tangi la seli kikiwa tayari karibu na nyuzi 37, lakini kingamwili inakaa saa kadhaa kwenye joto pamoja na vimeng'enya vya kukata protini. Kwa kingamwili dhaifu kama yako ningechagua kupakia katika baridi bila kusita.

Utando mwembamba hupunguza karibu matatizo yote haya kwa mpigo: joto lina safari fupi, na kingamwili inabebwa na mtiririko badala ya kupenya yenyewe. Raja Ghosh na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada wamefanya kazi ya utando unaobadilika na mazingira kwa kingamwili. Uwezo wa utando wa kubeba ni mdogo kuliko wa chembe, kwa hiyo unarudia mizunguko mingi mifupi, na hilo linadai polima inayovumilia kurudiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wahandisi wa kemia hulisahau na wakaguzi wa dawa hawalisahau hata siku moja: virusi. Seli za mamalia zinazozalisha kingamwili zinaweza kubeba chembe zinazofanana na virusi, na mchakato lazima uthibitishe kwamba unaviondoa au kuviua. Asidi inayokutesa ndiyo hiyohiyo inayoua virusi vyenye utando wa mafuta. Viwandani kingamwili iliyotoka Protini A huachwa kwenye pH ya kati ya 3.3 na 3.8 kwa muda wa saa moja hivi, na hatua hiyo inakuja bure kwa kuwa kioevu tayari kina asidi. Ukiachia kwa joto katika pH ya 7 umeipoteza. Utalazimika kuweka nyingine: sabuni ya kemikali inayovunja utando wa virusi, pamoja na kichujio cha vitundu vya nanomita 20 hivi ambacho ungekihitaji kwa vyovyote. Ukichagua sabuni, fahamu kwamba Triton X-100, iliyozoeleka miaka mingi, inahitaji kibali maalumu katika Umoja wa Ulaya tangu Januari 2021 kutokana na madhara ya mabaki yake kwa mazingira, hivyo anza na mbadala tangu mwanzo. Hili peke yake linaeleza sehemu kubwa ya kusita kwa viwanda. Kwa kingamwili inayovumilia asidi, kuondoa asidi kunaongeza hatua badala ya kupunguza.

Usafishaji wa rezini nao si wa kupuuzwa. Kolamu za kiwanda huoshwa kwa sodiamu haidroksaidi, mara nyingi moli 0.1 hadi 0.5 kwa lita. Silika huyeyuka katika besi kama hiyo, na viungo vya esta vinavyofunga polima kwenye chembe hukatika. Makala nyingi nzuri za uwanja huu zimetumia silika kwa sababu ni rahisi kuoteshea minyororo, na zimeishia hapo. Muulize muuzaji au mtafiti swali moja: baada ya kuosha kwa besi mara nyingi, uwezo umebaki asilimia ngapi? Muulize pia kuhusu mabaki ya monoma, kwa kuwa N-isopropilakrilamaidi ni ndugu wa akrilamaidi na ina sumu, hata kama polima yake iliyokamilika ni tulivu.

Kwa hali yako, hivi ndivyo ningefanya. Kwanza ningethibitisha kwamba tatizo ni asidi kweli na kwamba joto si tatizo. Chukua kingamwili safi uliyonayo, iweke nyuzi 40 kwa saa mbili katika pH ya kawaida na katika mkusanyiko unaoutarajia wakati wa kutoka kwenye kolamu, kisha pima mabonge kwa kromatografia ya ukubwa. Weka sampuli nyingine kwenye pH 3.2, 3.6 na 4.0 kwa muda uleule. Ni kazi ya siku moja, na inaweza kukuambia kwamba pH 4.0 yenye arginini inatosha, maana arginini, ambayo ni amino asidi, husaidia kuachia na kuzuia mabonge. Katika hali hiyo huhitaji kubadili teknolojia yoyote. Jaribu pia, kama unaweza kuipata, Protini A inayotegemea kalsiamu. Kundi la Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia mjini Stockholm limetengeneza kikoa kinachoshika Fc kalsiamu ikiwepo na kuachia bila asidi kali kalsiamu ikiondolewa na EDTA, kemikali inayoinasa. Inafikia lengo lako bila kuhangaika na joto.

Ikiwa hata pH 4.0 inaiharibu, nenda kwenye Protini A inayolegea kwa joto kabla ya polima yoyote. Pasha kwa bafa, si kwa koti, hata kwenye kolamu ndogo, ili unachokiona kifanane na kitakachotokea baadaye kwenye kubwa. Weka kipimajoto pale bafa inapotoka. Halijoto ya tangi la bafa haikuambii chochote kuhusu kilicho ndani ya kolamu.

Na ikiwa bado moyo wako uko kwenye polima, ambalo si kosa hata kidogo, itumie pale inapong'ara: kama hatua ya baadaye ya kuondoa mabonge, au kwenye utando. Pima kwanza kiwango chake cha kubadilika ndani ya bafa yako halisi: pitisha nuru ya nanomita 500 kwenye mmumunyo wa polima huru uone inapofifia, ukipandisha joto nyuzi moja kwa dakika au polepole zaidi, kisha ukiishusha. Halafu endesha majaribio matatu sambamba: chembe zenye polima, chembe tupu, na chembe zenye polima isiyobadilika kwa joto kama polidimethilakrilamaidi. Hilo la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, nalo ndilo la lazima zaidi, kwa sababu protini hunasa zaidi kwenye uso usiopenda maji joto linapopanda hata kama polima haijafanya chochote. Jumlisha protini yote iliyoingia na yote iliyotoka. Ikiwa asilimia kumi haijulikani ilipo, imebaki ndani ya kolamu, na mizunguko ijayo itakuonyesha uwezo ukishuka hatua kwa hatua; basi rudia angalau mizunguko kumi kabla ya kuamini namba ya mzunguko wa kwanza.